Maji Niliyoyapima Mara Tatu

Mama yangu alinifundisha kwamba bonde la mpunga haliingiwi kiholela. Wanawake wamo ndani ya matope, kanga zimefungwa juu ya magoti, wengine vichwa wazi kwa sababu ya joto, na wanasemeshana maneno ambayo hawangeyasema mbele ya mgeni. Anayekuja huita kutoka juu ya mteremko, husubiri, na akijibiwa ndipo ashuke. Kwetu kaskazini ya Pemba watoto wa kike tulilijua hilo kabla hatujajua kusoma. Naliweka mwanzo kabisa kwa sababu kazi moja kubwa niliyoiharibu maishani niliiharibu kwa adabu hiyo.

Kazi yangu ni kupima mabonde. Watu wakiniuliza nafanya nini hawaelewi nikiwajibu kwa urefu, kwa hiyo husema tu mimi ni bibi shamba, yakaisha. Lakini kabla jembe halijagusa ardhi kuchimba mfereji wa kumwagilia, lazima mtu ashuke kwa miguu kutoka chemchemi hadi kwenye mikoko, aseme ardhi hii itafaa na ile haitafaa. Naangalia mteremko, kwa sababu maji ya mfereji hayasukumwi na mashine, yanatembea yenyewe. Natoboa udongo na kuufinyanga kiganjani kuona kama unashikana. Napigilia ardhini pipa la chuma lisilo na matako, natia maji, nakaa na saa mkononi kutazama ardhi inayanywa kwa kasi gani. Hapo kina mama hunicheka, maana wanamwona mtu mzima anamwaga ovyo maji yaliyotekwa kwa shida.

Upande wa chini napima chumvi, kwa sababu siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kiasi, maji yake hupanda hadi ndani ya mashamba. Na juu ya yote napima mto. Ardhi hata iwe nzuri namna gani, bila maji ni uwanja wa mpira tu. Mashine ya kupimia mwendo wa maji tulikuwa nayo, lakini mara nyingi ilikuwa mbovu, basi nikitupa limau mtoni na kuhesabu muda linaochukua kutoka kijiti cha kwanza hadi cha pili. Mwisho wa yote kila kipande cha bonde kinaandikwa kimoja kati ya vinne: kinafaa sana, kinafaa, kinafaa kwa shida, hakifai.

Bonde ninalolikumbuka liko upande wa Gando, na jina lake sitalitaja kwa sababu wenyewe wamesemwa vya kutosha. Juu ni jembamba, limebanwa na miteremko miwili ya mikarafuu, na chini linapanuka mpaka linakutana na mikoko. Pale kwenye shingo yake, hatua chache chini ya chemchemi, palikuwa na konde moja pana ambalo halikuwahi kukauka. Makonde mengine yote yalilimwa masika peke yake. Hilo lililimwa masika na likalimwa tena vuli.

Mwenyewe alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Nyumbani kwake alikuwa na binti aliyeachika na wajukuu wanne, na wali waliokula wote ulitoka kwenye konde lile. Bonde zima lilimwita bi mkubwa, nami nikamwita hivyohivyo. Konde lile mama yake alililima kabla yake, na bibi yake kabla ya huyo.

Mimi wakati ule nilikuwa na haraka. Nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi chini ya wanaume walionituma kushika kamba na kuandika walichosema, na hili lilikuwa bonde la kwanza kupewa niliongoze mwenyewe. Nilitaka lifae. Nasema wazi kwa sababu baadaye nimesikia watu wakijitetea kwamba vipimo havina upande. Vipimo labda havina. Mimi nilikuwa nao.

Tena kulikuwa na jambo lingine. Bonde la kabla yake, nililopima nikiwa msaidizi, tuliliandika halifai, kwa sababu siku tulizokwenda mto ulikuwa uzi tu. Watu wa huko walituona tukifunga vyombo vyetu na hatukurudi tena. Sikufikiria kwamba wanawake wa bonde lile wana dada na mashoga wao walioolewa upande wa Gando, na kwamba habari za kupimwa na kukataliwa zilikuwa zimenitangulia.

Kabla ya safari ya kwanza nilimpigia simu sheha, kiongozi wa kijiji. Nilimwambia, tunakuja kesho saa nne asubuhi, mimi na wanaume wawili wabeba vyombo, tafadhali waarifu kina mama wasije wakashtukizwa. Sheha akafurahi. Akanambia wengine huja na gari wakaingia bondeni na viatu kama wanaingia sokoni. Nilijisikia vizuri siku nzima kwa sifa ile.

Ilikuwa kipupwe, mvua za masika zimekwisha na mpunga umeshavunwa. Tulipofika nikaita kutoka juu, nikajibiwa, tukashuka. Wanawake walikuwa wamejipanga juu ya ukingo, nguo kavu, kanga safi, wametulia kama wazazi waliokuja kusikiliza majibu ya watoto. Nikavua viatu, nikaingia mtoni pale kwenye shingo, chini ya konde la bi mkubwa, nikatupa limau. Likaenda mbio hata yule aliyesimama kwenye kijiti cha pili likampita. Tukarudia mara nne na mara zote lilikimbia.

"Tumepasi, mwanangu?" aliuliza mmoja kutoka ukingoni.

"Hapana kupasi wala kufeli, mama. Tunapima tu."

Wakacheka wote, na hakuna aliyeniamini.

Nakumbuka maji yale miguuni. Yalikuwa vuguvugu. Chemchemi iko hatua chache tu juu, imefunikwa na miti, na maji yanayotoka chini ya ardhi asubuhi hukupa baridi hadi kwenye mifupa. Haya yalikuwa kama maji ya kumwogeshea mtoto. Niliandika hata kwenye daftari, kwa penseli, "maji vuguvugu kidogo," nikadhani ni kwa sababu mto ni wa kina kifupi na jua limeshapanda. Yalikuwa pia na vumbi la matope na viluwiluwi wengi. Viluwiluwi hawakai kwenye maji yanayokimbia, na mtoto yeyote aliyewahi kuwavua anajua hivyo. Mimi nilikuwa na shahada.

Safari ya pili tulikwenda ukavu ulipozidi, na nikapiga simu tena kama kawaida. Limau likakimbia tena, pungufu kidogo ya mara ya kwanza, na hilo nililitarajia. Nikarudi Wete nikiwa mwepesi. Nilimwambia mkubwa wangu ofisini kwamba tumepata bonde.

Safari ya tatu ndiyo inayoniumiza. Ilikuwa kiangazi hasa, baada ya mvua za vuli kukatika, wakati ambao mfereji ungehitajika kuliko wakati mwingine wowote, na kipimo cha siku ile ndicho kingeamua kila kitu. Nikampigia sheha. Akasema, "Njooni, kina mama wanakungojeni."

Siku ile mto ulikuwa na nguvu. Wenzangu walitazamana wakatabasamu. Nilipomaliza kuandika nikapanda juu ya ukingo kuangalia konde la bi mkubwa, na nikakuta jambo lililonikera. Mpunga wake wa vuli ulikuwa umesimama, umejaa, una mimba, yaani masuke yamo tumboni mwa mabua yanakaribia kutoka. Huo ndio wakati ambao mpunga hautaki kukosa maji hata siku moja. Na konde lilikuwa tupu, halina maji. Tope tu linalong'aa.

Mimi nina hasira za karibu. Nilimwita mbele ya wenzake wote.

"Bi mkubwa, umefanya nini hapa? Mpunga una mimba, unautoa maji?"

Akashika ncha ya kanga yake. "N'nataka kuupalilia, mwanangu. N'chelewa."

"Kupalilia sasa? Mpunga wenye mimba haukaushwi! Hata mtoto anajua hilo. Utavuna mapepe, halafu mtasema bibi shamba hakuja kutufunza."

"Ndivyo, mwanangu," akasema. "Umesema kweli."

Wanawake wengine waliangalia chini. Hakuna aliyefungua mdomo kumtetea, na mimi nikafikiri ni kwa sababu walikuwa wananikubali. Nilimwelekeza namna ya kuziba mlango wa maji kwenye tuta lake, kwa kidole, kama anayemfundisha mtu aliyezaliwa jana. Akanisikiliza mpaka mwisho na akanishukuru.

Baadaye nilisikia kwamba alivuna mapepe kweli. Masuke yalitoka meupe, yamesimama wima, hayana kitu ndani. Nilisema, si nilimwambia.

Ripoti yangu ilikuwa nzuri. Ilisema maji yanatosha kumwagilia bonde zima wakati wa kiangazi. Sehemu ya juu niliiandika inafaa sana na ya kati inafaa. Ile ya chini, karibu na mikoko, niliiandika inafaa pia, kwa sharti kwamba ipate maji ya mto ya kutosha kuiosha chumvi kila msimu. Nililipigia mstari sharti lile. Na kwa kuwa maji yalikuwepo, mara tatu nimeyapima kwa mikono yangu, sharti lilikuwa limetimia.

Ikabaki jambo moja. Mahali pekee pa kujenga banio, ukuta wa kuzuia mto ili maji yapande yaingie mferejini, palikuwa pale kwenye shingo. Na maji yakizuiwa pale, kidimbwi kitakachojaa nyuma ya ukuta kingelifunika konde la bi mkubwa lote.

Mkutano ulifanyika kwenye baraza ya skuli, baada ya sala ya alasiri. Sheha alifungua kwa dua, mimi nikaeleza. Nilisema kwamba mama huyu atapewa konde jingine chini, kubwa zaidi, litakalopata maji ya mfereji kama wenzake. Nilisema hatapoteza kitu. Kisha sheha akamgeukia, akamuuliza kama anaridhia.

Alisimama. Alinitazama mimi, si sheha, kwa muda mrefu kuliko swali lenyewe lilivyohitaji. Midomo yake ilifunguka na ikafungwa. Kisha akawatazama wenzake waliokuwa wamekaa jamvini, mmoja mmoja, na hakuna aliyemtazama.

"Maji mmeyapima wenyewe?" akaniuliza.

"Mara tatu, bi mkubwa."

"Na yametosha?"

"Yametosha na kuzidi."

Akasema, "Basi n'naridhia," akakaa. Watu wakaitikia alhamdulillah. Nilidhani alikuwa na uchungu wa kuacha konde la bibi yake, jambo la kawaida, na nikajiambia uchungu huo utapoa akishaona maji.

Banio likajengwa. Mfereji wa saruji ukashuka kutoka shingoni hadi karibu na mikoko, umenyooka, mweupe, na siku ya kwanza watoto waliteleza ndani yake kwa matako. Masika yale kila kitu kilikuwa kizuri kwa sababu mvua hainyimi mtu. Ilipofika vuli wanawake wote wakapanda kwa mara ya kwanza katika maisha yao, bonde likawa kijani toka juu mpaka chini. Kisha mvua zikakatika, na maji ya mferejini yakafika nusu ya njia, baada ya siku chache robo, na baadaye hayakutoka kwenye mlango wa banio kabisa.

Huku chini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Zamani kile kijito kidogo, hata kiwe uzi, kilikuwa kinashuka mpaka kwenye mikoko na kuisukuma chumvi irudi ilikotoka. Sasa kilikuwa kimezuiwa juu. Ikaja bamvua, maji ya bahari yakapanda na hayakukuta wa kuyarudisha. Makonde ya mwisho yaliungua, majani yakageuka rangi ya kutu kuanzia nchani. Konde jipya la bi mkubwa lilikuwa la mwisho kabisa.

Ofisini mkubwa wangu alisema kina mama wanachezea maji, wanafungua usiku na kuibiana. Nikamwamini kwa sababu ilinifaa kumwamini. Nilipanga niende nikawaseme. Nilimpigia sheha simu mara tatu, ikawa haipatikani, na nilikuwa nimeshapandwa na hasira kiasi kwamba nikasema potelea mbali, naenda hivyohivyo. Hiyo ndiyo siku pekee niliyoshuka kwenye bonde lile bila hodi.

Hapakuwa na mtu. Nilipita kando ya mfereji mkavu, nikapanda mpaka shingoni, nikasimama juu ya banio. Nyuma yake hapakuwa na kidimbwi. Palikuwa na tope lililopasuka vipandevipande, na katikati yake kijito kinachopita kama mkojo wa mbuzi, kikinywewa na ardhi kabla hakijagusa ukuta. Nikavua viatu nikaingia. Maji hayakunifika kwenye kifundo cha mguu, na yalikuwa baridi. Baridi ile ya chini ya ardhi, ya kuumiza.

Nilikuwa nimeyapima maji mara tatu na hata siku moja sikuwahi kuyagusa haya. Nikakumbuka uvuguvugu, na viluwiluwi, na vumbi la matope. Nikaliona konde tupu lenye mpunga wa mimba. Nikaisikia sauti yangu nikimwambia mwanamke aliyelima mpunga tangu kabla sijazaliwa kwamba hata mtoto anajua. Nikatoka majini, viatu mkononi, nikapanda mteremko.

Nyumba ya bi mkubwa iko juu ya mteremko, ya udongo, imeezekwa bati. Alikuwa uwanjani anasuka ukili. Nilipoita hodi akainua kichwa, na nadhani alijua, kwa sababu hakuuliza nimekuja kwa nini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kibao nikae.

"Bi mkubwa," nikasema, "yale maji."

"Yalikuwa yangu," akasema. "Ya wenzangu pia, lakini mengi yangu. Konde langu ndilo lililokuwa linaweka maji."

Akanisimulia bila kuacha kusuka. Ilipokuja habari kwamba tunakuja kupima, waliambiana kwamba bonde la jirani lilikataliwa kwa sababu siku ya kupimwa maji yalikuwa machache. Wakakubaliana. Kila nilipompigia sheha, alikuwa anawaambia, na asubuhi wakituona tunatokea juu ya kilima na vyombo vyetu, kila mwenye maji kondeni kwake alikuwa anafungua tuta. Kote huko juu, yote yateremke mtoni kwa pamoja. Ndiyo maana walikuwa wanavaa nguo kavu na kujipanga ukingoni. Kazi walikuwa wameshaimaliza.

"Lakini bi mkubwa, kwa nini? Mlijua maji hayapo. Mfereji utapitisha nini?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Si mfereji ndo unaokuja na maji? Sie tulidhani mnatazama tu kama sie ni watu wa kupewa. Mbona wajukuu wangu hupimwa skuli, akifaulu ndo apewe nafasi? Hatukujua kama mnayataka haya haya yetu. Hata miye ntu anambie nichimbe mfereji nitie maji yangu yale yale, ningemwona hana akili."

Katika safari zote tatu nilikuwa nimeeleza mteremko, na udongo, na chumvi. Sikuwahi kusema sentensi moja kwamba hatuleti tone la maji kutoka popote.

"Na siku ya mkutano?" nikauliza. "Ulitaka kusema."

"Nilitaka. Siku ile ulipotwambia kidimbwi kitajaa maji ya huu mto, ndo n'kafahamu. N'kanena na nafsi yangu, niseme. Lakini ningesema vipi, mwanangu? Niseme mbele ya watu kuwa tumekudanganya, na sheha yupo, na weye umekuja kwa heshima, hukuingia kwetu hata siku moja bila ya kutwarifu. Na wenzangu wote wameshafurahi. N'kasema, huyu kasoma, kapima mara tatu, kanambia yametosha na kuzidi. Labda anajua kitu nisichokijua."

Nililia. Sina haja ya kulipamba. Nililia uwanjani kwa mtu niliyemharibia, na yeye ndiye aliyenibembeleza, akasema basi mwanangu, basi, Mungu ndiye mtoaji. Nilimwambia nitakwenda kusema ofisini, nitaandika upya. Niliandika kweli. Mkubwa wangu alisoma, akaniambia kazi ile imeshafungwa, na kwamba banio halibomolewi kwa sababu ya viluwiluwi. Bado liko pale.

Siku ile niliinuka ili niage, akanikatalia. Jua lilikuwa limeshafika juu na hakuwa tayari mtu atoke kwake na njaa. Nikakaa. Aliingia jikoni, nikasikia kinu, akatwanga kwa muda, kisha moshi ukatoka. Tuliswali adhuhuri, mimi na yeye na binti yake, na tulipomaliza akaleta sahani, wali wa nazi na mchuzi wa dagaa, akaiweka mbele yangu peke yangu. Wao wakala muhogo wa kuchemsha pembeni. Nikamwambia aje tule pamoja. Akasema wao wameshazoea, mgeni ni mimi.

Harufu yake ilinifikia kabla sijatia mkono. Mchele wa dukani haunuki vile. Punje zilikuwa fupi, zina mstari mwekundu, mchele wa kienyeji ambao sikuwa nimeula tangu mama yangu alipoacha kulima. Nikashangaa. Konde lake la juu lilikuwa tope lililopasuka, na la chini limeungua na chumvi, mavuno yake ya vuli ya mwaka wa kupimwa yalikuwa mapepe, na ya masika yameshaliwa zamani.

"Ulibaki huu, bi mkubwa?" nikauliza, mkono umeshaingia mdomoni. "Ulikuwa na akiba?"

"Ilikuwa mbegu," akasema. "Ile ya bibi. Ilikuwa juu ya meko hapo, kikapuni, kila mwaka huweka. Vino sasa ntaipanda wapi?"

Niliacha kutafuna. Binti yake alikuwa anaangalia ukutani. Wajukuu walikuwa wanaangalia sahani yangu.

"Kula, mwanangu, utapoa," akasema bi mkubwa, na akachukua upawa akaniongeza.

Nikala wote.